Maisha ya Sayyida Salme katika Somo la Wasichana

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu maisha ya Sayyida Salme binti Said wa Unguja, na jinsi yanavyoweza kufundishwa katika shule iliyo mbali na bahari, kama zile za Mbozi Mission. Tumeyachagua kwa kuwa yanagusa jambo ambalo wengi wetu hulikwepa darasani: msichana anapovunja ungo, anapoanza kupenda, na anapotaka kujiamulia mambo yake.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Omani na Unguja; mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hapa mwalimu na atue kidogo, awaulize wanafunzi: kwa nini msichana aruhusiwe kusoma maneno ya wengine, azuiwe kuandika ya kwake?

Baba alifariki mwaka 1856, na mama mwaka 1859. Mwaka huo wa 1859 Barghash alifanya njama ya kumpindua ndugu yao, Sultani Majid. Salme, kijana wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua wenye njama. Njama ilishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay. Kalamu iliyompa Salme nafasi katika mambo ya wanaume ndiyo iliyomponza.

Baadaye alikaa mjini, jirani na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Ujirani ulizaa urafiki, na urafiki ukazaa mapenzi. Mwaka 1866 Salme alikuwa mja mzito, naye hajaolewa. Kwa kuhofia maisha yake, mwezi Agosti alitoroka kwa manowari ya Waingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye alifariki akingali mchanga. Mwaka 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo, kisha wakahamia Hamburg. Walijaliwa watoto watatu zaidi. Mwaka 1870 mume alifariki kwa ajali ya tramu, na mjane akatafuta riziki kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka 1886 alichapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake. Alifariki Jena mwaka 1924.

Katika kitabu hicho Salme alieleza mengi, ila mimba ile hakuitaja. Ukimya huo wafaa kujadiliwa. Mwanamke aliyethubutu kuvuka bahari hakuthubutu kuandika juu ya mwili wake, kwa maana alijua wasomaji wangemhukumu yeye peke yake. Wanafunzi waulizwe: je, hukumu hiyo imekwisha kwetu?

Hata hivyo, tusimfanye Salme kuwa mtu asiye na doa. Alirithi mashamba yaliyolimwa na watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa. Katika karne hiyo ya 19 misafara ya watumwa ilipita katika nyanda zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, zikiwamo nchi za Wanyiha, ambako Wamoraviani walianzisha Mbozi Mission mwaka 1899. Mwanafunzi wa Mbozi ana haki ya kuuliza ni mabinti wa nani waliochuma karafuu wakati binti wa Sultani akijifunza kuandika. Uhuru wa mwanamke mmoja usiohesabu utumwa wa mwingine una kasoro, na msichana mwenye akili ataiona mara moja.

Somo hili si la kale tu. Kwa miaka mingi msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na masomo yake yakaishia hapo. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni baada ya kujifungua. Lakini ruhusa ya Serikali haiondoi kicheko cha wenzake darasani. Kazi hiyo ni yetu walimu. Kwa hiyo tunashauri wavulana nao washiriki mjadala huu kikamilifu, asitajwe mwanafunzi yeyote kwa mfano, na mwisho kila mmoja aandike ukurasa ule ambao Salme hakuuandika. Msichana aliyekwisha kujaribu kuyaeleza hayo kwa maneno yake mwenyewe hatakuwa mwepesi wa kuamuliwa na wengine.