Dian Fossey, Rafiki wa Gorila

Watoto wa Fizi na Baraka, mnaijua milima ya Itombwe. Katika mwitu wa milima ile wanakaa gorila. Wengi wetu hatujawaona, lakini tumesikia habari zao, nasi tunawaogopa. Leo tutasoma habari za mwanamke aliyekaa karibu nao, mbali kaskazini, katika milima ya moto ya Virunga.

Jina lake Dian Fossey. Alizaliwa San Francisco, katika nchi ya Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Tangu utoto alipenda wanyama. Alipokuwa mkubwa alifanya kazi katika hospitali ya watoto vilema mjini Louisville. Mwaka 1963 alikopa fedha, akasafiri kuja Afrika. Aliumia mguu njiani, lakini alipanda mlima hivyo hivyo, akawaona gorila wa Kongo. Tangu siku ile hakuwasahau. Januari 1967 alirudi, akapiga hema mahali paitwapo Kabara, karibu na mlima Mikeno.

Mapafu yake yalikuwa dhaifu. Tena aliogopa kutazama chini akiwa mahali pa juu, wala hakujua kufuata nyayo. Mwalimu wake alikuwa Mkongo, jina lake Sanwekwe. Siku moja Dian aliona njia ya gorila katika majani, akatambaa mbele kwa haraka. Baada ya kitambo aligeuka, asimwone mwenzake. Aliporudi alimkuta Sanwekwe ameketi, anamngoja kwa saburi. Sanwekwe alimweleza kwa adabu kwamba anayetaka kuwaona gorila hufuata nyayo kuelekea waendako, si kule walikotoka. Dian alikubali kufundishwa.

Julai 1967 kulikuwa na vita katika Kivu. Askari walimteremsha mlimani, naye akakimbilia Uganda. Mwingine angalirudi kwao. Lakini tarehe 24 Septemba mwaka ule ule alijenga kambi upande wa Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Bisoke. Aliunga majina hayo mawili, akaiita kambi Karisoke. Huko alikaa miaka mingi katika baridi, mvua na ukungu. Alifuga kuku, na mbwa, na kima mmoja mtundu. Wenyeji walimwita Nyiramacibiri, yaani mwanamke akaaye peke yake mwituni.

Je, aliwazoeaje gorila? Hakuwakimbilia. Alipiga magoti, akatafuna majani kama wao, akajikuna kama wao, akaiga sauti zao. Kila siku alifanya hivyo. Mwaka 1970 gorila dume aliyeitwa Peanuts alimkaribia. Dian alilala chali, akanyosha mkono polepole. Peanuts aliutazama, akagusa vidole vyake kidogo, kisha akajipiga kifua na kwenda zake. Dian alilia kwa furaha.

Lakini wawindaji walitega mitego ya kamba kwa paa na nyati, na gorila pia walinaswa. Wengine waliua gorila ili wauze vichwa na mikono yao. Tarehe 31 Desemba 1977 walimshambulia Digit, dume kijana aliyependwa sana na Dian. Digit alipigana na watu na mbwa mpaka jamaa yake wote wakaokoka. Yeye mwenyewe alikufa kwa mikuki.

Tangu hapo hasira ya Dian ilizidi. Alikata mitego mingi, na kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini pia aliwatisha wawindaji kwa vinyago, aliwapiga, na kukamata ng'ombe za wachungaji. Alikuwa na saburi ya ajabu kwa gorila, lakini kwa jirani zake maskini saburi ilimpungukia. Hivyo akapata adui wengi. Usiku mmoja, mwishoni mwa Desemba 1985, aliuawa ndani ya nyumba yake mlimani. Umri wake ulikuwa miaka 53. Alizikwa palepale, kando ya kaburi la Digit.

Kazi yake haikupotea. Mwaka 1981 gorila wa milima ya Virunga walikuwa kama 250 tu. Walipohesabiwa tena mwaka 2015 na 2016 walikuwa 604. Walinzi wa Kongo, Rwanda na Uganda wamewalinda, na wengi wa walinzi hao wameuawa kazini.

Watoto, Mwenyezi Mungu aliumba wanyama, akatuweka sisi tuwatunze. Mwigeni Dian katika ushujaa wake na bidii yake. Ila msisahau kwamba mwindaji naye ana watoto wenye njaa nyumbani. Atakayelinda mwitu wa Itombwe, na ampende gorila, ampende na jirani yake.

Maswali
1. Sanwekwe alimfundisha Dian jambo gani?
2. Kwa nini kambi iliitwa Karisoke?
3. Dian alifanya nini ili gorila wasimwogope?
4. Digit aliwaokoaje jamaa yake?
5. Dian alikosa nini kwa jirani zake? Wewe ungalifanyaje?