Mwalimu Nyerere na ngano ya Hanang

KATIKA uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilijinyakulia viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kiti pekee kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu. Wananchi wa huko walimkataa mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo, wakamchagua Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama bila baraka za viongozi wake. Miaka mitano baadaye, nchi ikiwa tayari chini ya chama kimoja, Mwalimu Julius Nyerere alisimamia uchaguzi ambao wapiga kura waliletewa wagombea wawili wa chama hicho hicho ili wachague wenyewe. Yaliyotokea Mbulu yalikuwa yameonyesha mapema kwamba chaguo la makao makuu si lazima liwe chaguo la watu.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, na Julai 7, 1954 akawa kiongozi wa kwanza wa TANU. Hayo yanajulikana kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Yasiyosimuliwa sana ni jinsi fikra zake za maendeleo zilivyopimwa katika nyanda za Basotu, chini ya Mlima Hanang.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilionya kwamba nchi haiwezi kujengwa kwa fedha za wageni, na kwamba misaada ikizidi huhatarisha uhuru. Katika waraka wake wa vijiji vya ujamaa wa mwaka huo huo, Mwalimu aliweka mbele jitihada za wakulima wenyewe. Hata hivyo, miji ilikuwa ikikua, na pamoja nayo hamu ya mkate. Ngano ya kuagiza ilikula fedha za kigeni ambazo taifa halikuwa nazo za kutosha. Kujitosheleza kwa chakula kukawa kipaumbele, na ndipo Kanada ilipokaribishwa.

Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, liliundwa mwaka 1969, na kilimo cha ngano kikaanza Basotu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakanada walileta wataalamu, mbegu, matrekta na mitambo ya kuvunia. Tanzania ikatoa ardhi na wafanyakazi. Baadaye mashamba yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Waret, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000. Kwa mtu aliyehubiri jembe la ng'ombe na kujitegemea, huu ulikuwa mradi wa ajabu kidogo. Ulisimama juu ya mashine, vipuri na dizeli kutoka nje.

Kwa kipimo cha magunia, ulifanikiwa. Ngano ya Hanang ilikuwa sehemu kubwa ya mavuno ya nchi, na vijana wengi wa Kitanzania walipata ufundi wa mashamba makubwa. Kasoro ilikuwa katika kipimo chenyewe. Waliohesabu gharama walitaja mbolea na mishahara, lakini ardhi waliiona kana kwamba ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wakihama na mifugo yao kwa kufuata mvua na majani, na mabonde yenye rutuba yaliyopendwa na trekta ndiyo yaliyokuwa malisho yao bora. Makaburi ya wazee wao yalilimwa. Mifugo iliyobaki ilisongamana kwenye ardhi duni, nayo ikazidi kuchakaa.

Wafugaji walikwenda mahakamani. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, kwa hoja kwamba halmashauri ya kijiji haikuwa imegawiwa ardhi hiyo kisheria na kwamba wadai hawakuthibitisha haki yao ya kimila. Novemba mwaka huo Mwalimu aliondoka Ikulu. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na katika kipindi hicho, mwaka 1987, serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila za ardhi katika eneo hilo. Kanada ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1993 tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilikwenda Hanang kuchunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo.

Si haki kumtwika Mwalimu kila trekta lililopita juu ya kaburi. Lakini sera ilikuwa yake, na mshikamano wa Kanada aliutafuta yeye. Inashangaza kwamba mtawala aliyeyapa uzito matakwa ya wapiga kura aliruhusu mpango ambao wenyeji wake hawakuulizwa kabla jembe halijazama ardhini.

Alistaafu kijijini kwake Butiama, akalima. Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999. Katika miaka iliyofuata NAFCO ilivunjwa; baadhi ya mashamba ya Hanang yalikwenda kwa wawekezaji, na mengine yakagawiwa vijiji vilivyoyazunguka.