Maisha ya Marehemu Sol Plaatje, Mwandishi na Mtumishi wa Watu

Chama Kikuu kinapotimiza miaka kumi ni desturi njema kuwataja waanzilishi, kuhesabu mazao yaliyopita maghalani, na kuwashukuru waliotutangulia. Wenzetu wamekwisha kuyaandika hayo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi ambao kazi yetu ni kalamu na madaftari ya ushirika tumeona inafaa kuweka hapa habari za mtu mmoja ambaye hakuwa wa nchi yetu, wala hakupata kuleta gunia katika ghala letu, lakini maisha yake yatuhusu. Naye ni marehemu Solomon Tshekisho Plaatje wa Afrika Kusini. Alikuwa mtumishi wa serikali, mhariri wa magazeti, na katibu wa chama. Na jambo kubwa alilolifanya ni kuandika habari za wakulima walionyang'anywa ardhi.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 karibu na Boshof, katika nchi iliyoitwa Orange Free State. Wazazi wake walikuwa Wabarolong, ambao ni watu wa jamii ya Watswana. Alikulia Pniel, penye misheni ya Wajerumani, akasoma hapo na kuwa mwalimu msaidizi angali kijana. Masomo yake ya darasani yalikuwa machache. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe, usiku kwa taa, hata akajua lugha zisizopungua saba.

Mwaka 1894 aliajiriwa katika Posta ya Kimberley, mji wa almasi, kazi yake kupeleka habari za simu kwa wenyewe. Mwaka 1898 alimwoa Bibi Elizabeth M'belle, ingawa jamaa wa pande zote mbili hawakupendezwa, kwa kuwa kabila la bwana na la bibi yalikuwa mbalimbali. Mwaka huo huo alihamia Mafeking kuwa mkalimani wa korti.

Tafadhali wasomaji wetu waifikiri kazi hiyo ya mkalimani. Mtu amesimama mbele ya hakimu asiyeijua lugha yake. Mali yake, uhuru wake, na pengine roho yake, vyote viko juu ya ulimi wa mtu wa tatu. Mkalimani akiongeza neno moja, mtu aweza kufungwa. Akipunguza neno moja, mwizi aweza kwenda zake. Hapo ndipo Bwana Plaatje alipojifunza kuyapeleka maneno ya mtu kama yalivyo, bila ya kuyatia chumvi wala kuyapunguza, na tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwezi wa Oktoba 1899, mji wa Mafeking ulizingirwa kwa siku 217. Katika taabu hiyo Bwana Plaatje aliandika kumbukumbu za kila siku: mizinga iliyopigwa, watu waliokufa, na njaa iliyowapata Waafrika, ambao hawakupewa posho sawa na wazungu. Kumbukumbu hizo zilikaa bila ya kujulikana mpaka zikapigwa chapa mwaka 1973, naye amekwisha kufa zamani.

Mwaka 1902 aliiacha kazi ya serikali na mshahara wake wa kila mwezi, akawa mhariri wa gazeti la Koranta ea Becoana, lililoandikwa kwa Kitswana na Kiingereza. Fedha za kulianzisha zilitoka kwa Silas Molema, mmoja wa wakuu wa Wabarolong. Kazi ilikuwa nzuri, lakini deni halikwisha. Mashine yataka fedha, karatasi yataka fedha, na wasomaji wengi walipenda kusoma kuliko walivyopenda kulipa. Gazeti hilo likafa. Mwaka 1910 alianza jingine huko Kimberley, Tsala ea Becoana, ambalo baadaye liliitwa Tsala ea Batho, maana yake Rafiki wa Watu. Nalo halikuweza kuvuka mwaka 1915.

Tarehe 8 Januari 1912 wajumbe wa Waafrika walikutana katika mji wa Bloemfontein, wakaunda chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Bwana John Dube alichaguliwa kuwa rais, na Bwana Plaatje kuwa katibu mkuu wa kwanza.

Haukupita muda mrefu ikaja Sheria ya Ardhi ya tarehe 19 Juni 1913. Kwa sheria hiyo Mwafrika alikatazwa kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo yaliyotengwa, nayo maeneo hayo yalikuwa kama sehemu 7 tu katika kila sehemu 100 za nchi, hali Waafrika ndio waliokuwa wengi. Katika Orange Free State wako wakulima wengi waliokuwa wakilima kwa nusu. Mkulima alileta ng'ombe wake, plau yake na mbegu zake, akalima katika shamba la mzungu, na mavuno wakagawana. Sheria ilikomesha mapatano hayo. Mkulima alitakiwa ama awe kibarua wa mwenye shamba, yeye na jamaa zake na ng'ombe wake, ama aondoke. Aliyeivunja sheria aliweza kutozwa pauni 100 au kufungwa miezi sita.

Bwana Plaatje hakungoja habari zimjie mezani. Katika baridi ya mwezi wa Julai 1913 alipanda baiskeli yake, akaenda kuwatafuta waliofukuzwa. Aliwakuta njiani na mifugo yao, ambayo ilikufa kwa njaa kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuilisha. Aliandika habari za mtu na mkewe ambao mtoto wao mchanga alifia njiani. Wazee hao hawakuwa na haki ya kuchimba kaburi popote katika nchi waliyozaliwa, ikawabidi wamzike mtoto usiku, kwa siri, katika ardhi ya mtu mwingine.

Mwaka 1914 alikwenda London pamoja na wajumbe wenzake wanne kuwaomba Waingereza waizuie sheria hiyo. Waziri wa Makoloni aliwakataa. Mara Vita Vikuu vikaanza, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Mwaka 1916 alitoa kitabu chake, Native Life in South Africa, chenye habari zile alizozikusanya kwa baiskeli. Mwaka huo huo alitoa pia kitabu cha methali za Kitswana zaidi ya 700, maana alihofu kwamba watu wakiisha kupoteza ardhi wasije wakapoteza na lugha.

Mwaka 1919 alikwenda tena, akapokewa na Waziri Mkuu, Lloyd George. Alisikilizwa vizuri, lakini sheria haikubadilika. Akaendelea mpaka Canada na Marekani kuhutubia watu, na huko ndiko alikopata habari mwaka 1921 kwamba binti yake Olive amefariki.

Katika miaka yake ya mwisho alifasiri michezo ya Shakespeare kwa Kitswana, na mmoja wao ni Julius Caesar, ambao wasomaji wetu waujua kwa Kiswahili katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963. Mwaka 1930 hadithi yake ndefu, Mhudi, ilipigwa chapa. Fedha hakuwa nazo. Nyumba aliyokaa Kimberley aliipata kwa ukarimu wa watu wa mji ule, Waafrika, Machotara na Wahindi, waliochanga wakampa kuwa shukrani.

Alifariki kwa homa ya mapafu karibu na Johannesburg, mwenye umri wa miaka 55, akazikwa Kimberley. Ilikuwa tarehe 19 Juni 1932, siku ile ile iliyotimiza miaka 19 ya sheria aliyoipinga.

Basi mtu aweza kuuliza: alipata nini? Magazeti yake yalikufa, safari zake hazikuzaa, na sheria ilikaa mpaka mwaka 1991. Jibu letu ni hili. Mwaka 1994 serikali mpya ya Afrika Kusini ilipotunga sheria ya kuwarudishia watu ardhi yao, iliandika kwamba anayestahili kudai ni yule aliyenyang'anywa baada ya tarehe 19 Juni 1913. Wajukuu wa wale waliofukuzwa waliikuta habari ya wazee wao imeandikwa tayari, na mtu aliyekwenda kuiona kwa macho yake. Leo mji wa Kimberley una Chuo Kikuu chenye jina lake, kilichofunguliwa mwaka 2014.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Twaona dhuluma nayo ni vivyo hivyo: isipoandikwa, huisha bila habari, na aliyedhulumiwa hana la kuonyesha. Kwa hiyo twawaomba wanachama wenzetu wasichoke kulipa ada ya kile kilicho chao, kwani gazeti la Bwana Plaatje halikuuawa na adui peke yake. Na sisi makarani na viongozi, mkulima anapoweka gunia lake juu ya mizani, tuandike kilo zile zile zilizo mizanini; na anaposimama kusema katika mkutano mkuu, tuandike lile alilolisema, hata kama linatuchoma.