Paul Graetz, Aliyevuka Afrika kwa Motokaa

Paul Graetz alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Zittau, Udachi. Alipokuwa mtu mzima aliingia jeshini, akaletwa Afrika ya Mashariki, nchi iliyotawaliwa na Wadachi wakati ule. Huko alipata shauri ambalo wengi waliliona ni wazimu: kuvuka Afrika kwa motokaa, toka bahari hata bahari.

Motokaa yake iliundwa Gaggenau. Ilikuwa na nguvu za farasi 35, nayo iliinuliwa juu ya magurudumu ili ipite penye mawe na visiki. Tarehe 10 Agosti 1907 aliondoka Dar es Salaam.

Siku zile reli ilikuwa haijafika Dodoma. Ilifika mwaka 1910. Basi Graetz alifuata njia ya misafara, akapita Kilosa na Mpwapwa, akaingia Ugogo. Nchi ile ni kavu, yenye miiba, mibuyu na makorongo ya mchanga, na njia yenyewe ilikuwa ya miguu ya watu, si ya magurudumu. Mbele yake ilikuwako Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na baada yake Tabora. Palipokuwa na mchanga mwingi au mlima mkali, watu waliifunga motokaa kamba wakaivuta. Petroli nayo ilikuwa imetangulia, imebebwa na wapagazi na kuwekwa akiba njiani. Hivyo chombo kilichokuja kuondoa mizigo vichwani mwa watu hakikuweza kwenda bila vichwa vya watu.

Tena mashine iliharibika, na vyuma vipya havikuwa na budi kuletwa kwa meli kutoka Udachi. Graetz alingoja miezi mingi, wala hakurudi nyuma. Vyuma vilipofika alitengeneza, akaendelea kuelekea kusini, akavuka Rhodesia, kisha jangwa la Kalahari. Tarehe 1 Mei 1909 aliona bahari ya magharibi huko Swakopmund. Siku zote za safari zilikuwa 630.

Mwaka 1911 alianza safari nyingine, kwa mashua ya mashine. Karibu na ziwa Bangweulu nyati alimshambulia yeye na mwenziwe Mfaransa, Octave Fière. Fière alikufa, na Graetz aliumia vibaya. Lakini alipopona aliendelea, akaimaliza safari mwaka 1912. Alifariki dunia mwaka 1968, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90.

Ushujaa na subira yake vyastahili sifa. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Jina la Graetz limeandikwa vitabuni, bali majina ya wapagazi waliobeba petroli yake na kuvuta kamba hayakuandikwa. Na pasipo wao, motokaa ile isingalifika Tabora, sembuse Swakopmund.