Khalifa Abdul Majid na Kaburi Lake

Miongoni mwa watukufu waliotutangulia, ambao ni ada kuwakumbuka katika vitabu vya jumuiya zetu, ni nadra kutajwa Abdul Majid bin Abdul Aziz, ingawa yeye ndiye wa mwisho katika ukoo wa Uthmani kuitwa Khalifa wa Waislamu.

Alizaliwa Istanbul tarehe 29 Mei 1868, baba yake akiwa ndiye Sultani. Mwaka 1876 baba aliuzuliwa, na siku chache baadaye akafariki. Tangu hapo mtoto yule alikulia katika majumba ya kifalme chini ya macho ya walinzi, kwani ukoo ule ulimwogopa kila aliyeweza kudai kiti. Miaka hiyo mingi aliitumia kwa kusoma, kupiga muziki na kuchora picha za rangi, hata kazi zake zikaonyeshwa Vienna mwaka 1918. Wako wazee wetu watakaokunja uso kusikia kwamba Khalifa alichora sura za watu; lakini ndivyo alivyokuwa, nasi hatuwezi kuandika vingine.

Tarehe 1 Novemba 1922 Baraza Kuu la Taifa lililokuwa Ankara, likiongozwa na Mustafa Kemal, lilifuta usultani uliokuwa umedumu zaidi ya miaka 600. Sultani Muhammad wa Sita, binamu yake, alikimbia kwa manowari ya Kiingereza, na Baraza likamchagua Abdul Majid kuwa Khalifa. Alipewa cheo bila jeshi, bila hazina na bila amri. Kila Ijumaa alitoka kwa msafara kwenda kusali, na watu wakijaa njiani kumtazama. Na kule kujaa kwao ndiko kulikowatia wasiwasi wenye serikali.

Mwishoni mwa mwaka 1923 Aga Khan na Ameer Ali waliiandikia serikali ya Uturuki kuiomba ihifadhi heshima ya Khalifa. Magazeti ya Istanbul yaliichapa barua hiyo kabla haijapokelewa Ankara, ikaonekana kuwa ni mkono wa wageni. Basi waliotaka kumsaidia ndio waliomdhuru.

Tarehe 3 Machi 1924 ukhalifa ulifutwa, na ukoo mzima ukaamriwa kutoka nchini. Usiku ule ule gavana wa mji na mkuu wa polisi walifika katika jumba la Dolmabahçe, na kabla ya alfajiri Khalifa na watu wake wakatiwa katika magari. Hawakupelekwa stesheni ya mjini, kwa kuogopa umati, bali Çatalca, mbali na macho ya watu. Imesimuliwa kwamba mkuu wa stesheni ile alikuwa Myahudi, naye akawakirimu kwa kukumbuka jinsi masultani wa kale walivyowapokea wazee wake walipofukuzwa Hispania.

Alikaa Uswisi kwa miezi, kisha Nice katika Ufaransa, akiishi kwa posho ya Nizamu wa Hyderabad, tajiri mkubwa wa Bara Hindi. Mwaka 1931 binti yake Durru Shehvar aliolewa na mwana wa Nizamu, na watu wakadhani nyumba mbili za kifalme zimetiana nguvu. Dola ya Hyderabad nayo ilichukuliwa na India mwaka 1948.

Abdul Majid alifariki Paris tarehe 23 Agosti 1944, mji ukiwa katika mapigano ya kuwatoa Wajerumani. Binti yake aliomba azikwe Istanbul. Serikali ya Uturuki ilikataa, na hata viongozi walipobadilika, jibu halikubadilika. Maiti ikawekwa katika Msikiti wa Paris karibu miaka 10, nasi tunaofundishwa kuharakisha maziko tunajua uzito wa jambo hilo kwa watoto wake.

Hatimaye alipokewa Madina, mji ambao jeshi la ukoo wake lilikuwa limeusalimisha mwaka 1919. Huko alizikwa mwishoni mwa Machi 1954 katika makaburi ya Baqii, ambako makaburi hayana kuba wala majina.