Keynes na akili za wengine

John Maynard Keynes alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 5 Juni 1883. Baba yake alikuwa mwalimu wa mantiki na uchumi. Yeye alisomea hisabati.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikadiria kwamba maki ya Ujerumani itashuka thamani, akaweka dau kwa fedha zake na za rafiki zake. Mwezi Mei 1920 maki ikapanda, kwa sababu wanunuzi wengi bado walikuwa na imani nayo. Akapoteza karibu kila kitu, ikambidi akope. Kufikia mwisho wa mwaka 1923 maki ilikuwa haina thamani yoyote. Hesabu yake juu ya fedha ilikuwa sahihi; hakuwa amehesabu imani ya watu.

Mwaka 1936, katika kitabu chake kikuu kuhusu ajira, riba na fedha, alilifananisha soko la hisa na shindano la gazeti. Wasomaji wanapewa picha 100 za nyuso, wachague sita zilizo nzuri kuliko zote. Mshindi ni yule ambaye chaguo lake linakaribia la wengi. Mchezaji mwerevu haangalii sura anayoipenda. Anakisia wengine watapenda ipi, na kwa kuwa nao wanakisia, inambidi akisie wanachokisia wao.

Mwaka 1995 mchumi Rosemarie Nagel alichapisha majaribio ya mchezo wa aina hiyo. Kila mtu anataja namba kati ya 0 na 100. Anashinda aliyekaribia theluthi mbili ya wastani. Anayedhani wastani utakuwa 50 anataja 33. Anayedhani wenzake wamewaza hivyo anataja 22. Ukiendelea bila kukoma unafika 0. Wengi waliishia hatua ya kwanza au ya pili, kwa hiyo aliyekimbilia 0 hakushinda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Keynes mwenyewe, akisimamia mali ya King's College, hatimaye aliacha kukimbizana na soko. Alinunua hisa za kampuni chache alizozifahamu, akatulia nazo. Alifariki tarehe 21 Aprili 1946.

Sisi wa lugha tunaucheza mchezo huu kila siku: msemaji huchagua neno kwa kukisia msikilizaji atadhani amekusudia nini. Anayesahau hatua ambayo msikilizaji amefikia husema kweli, na bado haeleweki.