Károly Takács: bingwa wa bastola aliyeanza upya na mkono wa kushoto

Sisi tunaopishana na Uwanja wa Uhuru na wa Mkapa tumezoea stori za mpira tu. Leo tumcheki bingwa wa kulenga shabaha kwa bastola, Mhungari Károly Takács.

Alizaliwa Budapest mwaka 1910, akaingia jeshini. Kufikia 1936 shabaha yake ilikuwa moto, lakini kwenye Olimpiki ya Berlin hakupelekwa. Kisa? Cheo. Jamaa alikuwa sajenti, na jeshi lao lilipeleka maofisa tu. Baadaye sheria ikafutwa, akaanza kujifua kwa ajili ya 1940.

Mwaka 1938, mazoezini, guruneti bovu likamlipukia. Mkono wa kulia, ule wa bastola, ukaisha.

Sasa wadau, muone ugumu wake. Mchezo huu bastola inashikwa kwa mkono mmoja, na shabaha inaanzia kwenye mshiko. Kiganja kinakaa juu kabisa ya mpini, mtutu unanyooka na mkono hadi kiwiko. Vidole vitatu vya chini vinabana kuelekea nyuma, dole gumba halisukumi, kidole cha shahada kinavuta triga peke yake. Ukibana kupita kiasi mkono unatetemeka. Ukilegeza, kila risasi ikitoka bastola inahama kiganjani. Na mshiko lazima uwe ule ule kila mara. Mazoea yote hayo Takács aliyajenga kwenye mkono ambao sasa umeharibika vibaya.

Alilazwa kama mwezi, akatoka, akaanza kujifundisha kimyakimya kwa kushoto. Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa. Inasimuliwa kuwa watu walidhani kaja kutazama tu. Akaondoka na ubingwa!

Vita ikafuta Olimpiki za 1940 na 1944. London 1948 akafika akiwa na miaka 38. Shabaha tano, umbali wa mita 25, risasi tano: kwanza kwa sekunde 8, halafu 6, mwisho 4. Ndani ya sekunde 4 hupati muda wa kurekebisha mshiko, ulioanza nao ndio unaomaliza nao. Akapata pointi 580, rekodi ya dunia, akimwacha bingwa wa dunia Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina. Helsinki 1952 akachukua dhahabu tena kwa pointi 579, moja tu zaidi ya Szilárd Kun, kijana aliyemfundisha mwenyewe. Alifariki 1976.

Kinachouma ni Berlin. Akiwa na mikono yote miwili, mzima wa afya, aliachwa kwa sababu ya cheo tu. Sisi Bongo, hadi Paris 2024, medali zetu za Olimpiki ni mbili, za Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Je, masajenti wetu wangapi wenye vipaji tunawaacha nyumbani?

Wadau, mnasemaje?